Sura ya 6: Mkono wa Mpinzani

Kila uchaguzi unapokaribia, swali hili huzuka upya Manyatta: mtu aliyemwita mwenzake mwizi jukwaani Jumamosi, anampaje mkono kanisani Jumapili? Wapo wanaoliuliza kwa kicheko, lakini wengi huliuliza kwa uchungu. Kijana wa boda boda aliyebandika picha ya mgombea kwenye pikipiki yake, akasusiwa na wateja wa upande wa pili kwa miezi, siku moja hufungua simu akamkuta mgombea yule yule amekamatana mikono na hasimu wake, wote meno nje. Mama aliyeacha kusemezana na shemeji yake kwa sababu ya siasa huiona picha hiyo hiyo. Wote wawili hujiona wamechezewa.

Uchungu wao ni wa haki, na sitaki kuupuuza. Lakini naamini wanaulaumu mkono kwa dhambi isiyo yake. Penye kosa, kosa huwa ni lile lililopitishwa chini ya mkono. Katika sura hii nitautetea mkono wa aina moja: ule unaotolewa na mtu aliyekuwa mpinzani kabla ya salamu, na atakayeendelea kuwa mpinzani salamu ikishaisha.

Manyatta ninayoizungumzia ni eneo bunge lililo kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Kaunti ya Embu. Juu kuna chai, chini kidogo kuna kahawa, na mji wa Embu wenyewe umo ndani ya mipaka yake. Wanaoshindania kura hapa mara nyingi wamesoma shule moja, hupeleka kahawa kwenye kiwanda kimoja cha ushirika, na wazazi wao walizikwa na mchungaji yule yule. Kukwepana ni kazi. Ndiyo maana mkono uliotolewa, na hata ule ulionyimwa, huonekana upesi.

## Kwanza salamu, kisha siasa

Kwa Waembu na Wambeere, kama kwa majirani zao Wameru, salamu ni deni linalolipwa kabla ya jambo lolote. Mdogo akimpa mkubwa mkono wa kulia, ule wa kushoto huushikilia wa kulia karibu na kiwiko, na kichwa huinama kidogo. Kumpita mtu mzima njiani bila neno ni kumwambia kwamba humhesabu kati ya watu. Salamu haiulizi kama mnakubaliana. Majirani wenye kesi ya mpaka wa shamba husalimiana nje ya ofisi ya chifu, kisha huingia ndani kushtakiana.

Mwanasiasa hufanyiwa mtihani huu matangani. Tazama mazishi ya mtu yeyote anayejulikana. Mahema yamesimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa, safu ya mbele wametengewa viongozi. Mheshimiwa anafika ibada ikiwa katikati. Anawapa mkono wafiwa kwanza, kisha anapita kwenye safu ya viongozi, mmoja baada ya mwingine, hadi anapomfikia yule anayekitaka kiti chake. Hapo hema zima huacha kumsikiliza mhubiri. Akimruka, habari itafika sokoni kabla jeneza halijashushwa. Akimshika kwa haraka huku macho yakiwa kwa mtu wa tatu, hilo nalo litasemwa. Watu wanajua kuisoma salamu: nani aliutangulia mkono, ulikaa muda gani, na uso ulikuwa unaelekea wapi.

Msimamo wangu kuhusu mkono wa matangani ni kwamba mwenyewe ni marehemu. Waliofika pale wamefika kwa ajili yake, na anayemnyima mpinzani mkono mbele ya jeneza anaikata haki ya mtu ambaye hawezi tena kujitetea. Hata aliyeibiwa kura, kama kweli aliibiwa, anaweza kungoja msiba upite.

Kanisani nako kuna somo. Ibada za Wakatoliki na Waanglikana zina sehemu ya waumini kutakiana amani, na aliyekaa karibu nawe huenda ndiye unayeshindana naye. Tarehe 12 Septemba 2021 huko Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Jackson Ole Sapit, aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia, Raila Odinga na Musalia Mudavadi wakiwa miongoni mwa waliohudhuria. Walikaribishwa kuabudu kama waumini wengine. Nakumbuka wengi waliona ni ukali. Mimi niliona ni wema, maana mwanasiasa aliyeondolewa kipaza sauti hubakiwa na kitu kimoja tu cha kumfanyia mpinzani aliye kando yake, nacho ni salamu.

## Mkono uliokataliwa Zanzibar

Ili kuona uzito wa salamu, inafaa kutazama mahali iliponyimwa hadharani. Zanzibar ilikuwa imepitia chaguzi chungu, na tarehe 27 Januari 2001 watu waliuawa na vyombo vya dola katika maandamano ya chama cha CUF, hasa kisiwani Pemba. Miaka karibu tisa baadaye, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Ikulu ya Zanzibar. Wazanzibari waliuita mwafaka huo maridhiano, yaani pande mbili zilizogombana kukubali kuishi pamoja. Kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko picha. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani serikali ambamo chama cha pili kwa kura nacho kinapata nafasi kwa mujibu wa katiba. Asilimia 66.4 walikubali. Katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alimshinda Seif kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Seif aliyakubali matokeo akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Mwaka 2015 mambo yakaharibika. Uchaguzi wa Oktoba ulifutwa na mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Jecha Salim Jecha, na ule wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016 CUF wakaususia. Agosti 2016 akafariki Rais mstaafu Aboud Jumbe. Kwenye mazishi yake Dk. Shein alimnyooshea Maalim Seif mkono, na Seif hakuupokea.

Tukio la sekunde chache lilizungumzwa kwa miezi. Rais John Magufuli mwenyewe alilizungumzia mwezi uliofuata akiwa Zanzibar, akimlaumu Seif mbele ya umati. Wafuasi wa CUF nao walisema kiongozi wao angewezaje kumshika mkono mtu aliyekalia kiti ambacho wao waliamini ni chake.

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi. Kwa kipimo nilichokieleza juu, mkono wa msibani ulistahili kupokewa. Hata hivyo tukio lile linaonyesha kwamba Wazanzibari walikuwa bado wanaichukulia salamu kuwa kauli ya kweli. Kama salamu ingekuwa mazoea matupu, Seif angeutoa mkono na mawazo yake yakiwa mbali, na hakuna ambaye angejali. Aliunyima kwa sababu kuutoa kungekuwa kusema jambo ambalo hakuliamini. Mwaka 2020, baada ya uchaguzi mwingine uliomwaga damu, Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, alikubali tena kuingia katika Serikali ya Umoja. Aliapishwa tarehe 8 Desemba mbele ya Rais Hussein Mwinyi. Tarehe 17 Februari 2021 akafariki. Wafuasi wake wengi waliumia kwa uamuzi ule wa mwisho, lakini hakuna aliyeweza kusema alikuwa mtu wa kutoa mkono ovyo.

*Kwa ufupi:* salamu huwa na maana pale tu ambapo mtu angeweza kuinyima. Msibani, hata hivyo, kuna mwenye haki ya kwanza, naye ni aliyekufa.

## Ngazi za Harambee House

Kenya ina mahali pake maalumu pa mikono: ngazi za Harambee House, jijini Nairobi. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mkataba wa amani hapo mbele ya msuluhishi Kofi Annan na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, wakapeana mikono. Katika ghasia za baada ya uchaguzi, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekwisha kuuawa na mamia ya maelfu kuhama makwao. Sidhani kuna mtu mwenye moyo anayeweza kuulaumu mkono ule. Uliokoa maisha.

Embu ilikuwa na sababu yake ya kuufuatilia. Wana wawili wa mzee Jeremiah Nyagah, waziri wa miaka mingi kutoka Mbeere, walikuwa pande zinazopingana: Joseph alikuwa mmoja wa vinara wa ODM, chama cha Raila, waliojulikana kama Pentagoni, Norman alikuwa katika kambi ya Kibaki. Serikali ya pamoja ilipoundwa Aprili 2008, ikiwa na mawaziri 40, Joseph alipewa Wizara ya Ustawi wa Ushirika. Kabla ya hapo wizara hiyo ya ushirika, ambayo mkulima wa kahawa wa Manyatta anaijua vizuri, ilikuwa imeshikwa na Njeru Ndwiga, mbunge wa Manyatta hadi 2007. Ndugu wawili walikuwa wamepingana uchaguzi mzima, na ukoo haukuvunjika. Kwangu mimi hilo linafundisha kuliko mkataba wenyewe.

Miaka kumi baadaye, tarehe 9 Machi 2018, ngazi zile zile zilimpokea Raila tena, safari hii na Uhuru Kenyatta. Mahakama ya Juu ilikuwa imeufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, Raila alikuwa amesusia marudio ya Oktoba, na Januari 2018 alikuwa amejiapisha kuwa rais wa wananchi katika bustani ya Uhuru. Nchi ilikuwa imekaa roho juu. Wawili hao walitoka, wakaitana ndugu, wakashikana mikono. Hapo ndipo Wakenya walipoanza kuliita jambo zima *handisheki*: salamu ya mahasimu wakubwa inayobeba makubaliano ya kisiasa nyuma yake.

Barabara zilitulia mara moja, na hilo ni jema. Lakini mkono mtupu haulambwi, na wananchi walianza kutafuta kilichokuwa ndani. Upinzani bungeni ukalegea. Ukaja mpango wa kubadilisha katiba ulioitwa BBI, uliokataliwa na Mahakama Kuu Mei 2021, na Mahakama ya Rufaa Agosti mwaka huo, kisha na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022. Eneo la Mlima Kenya, Embu ikiwemo, lilihisi kwamba limefanyiwa hesabu bila kuulizwa. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulipofika, Embu ilimpa William Ruto kura nyingi, na Manyatta ikamchagua Gitonga Mukunji wa UDA, chama cha Ruto, kuwa mbunge. Ruto alikuwa amezunguka nchi akiilaumu handisheki kwa kuua upinzani. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, yeye naye akawaleta viongozi wa ODM katika baraza lake la mawaziri, na tarehe 7 Machi 2025 akatia saini mkataba na Raila ukumbini KICC. Raila alifariki Oktoba mwaka huo.

Nina uchungu na historia hii kwa sababu iliiharibu salamu ya kawaida. Leo mgombea udiwani wa Manyatta akionekana amemshika mkono mpinzani wake nje ya kanisa, swali la kwanza ni: amenunuliwa kwa bei gani? Wakubwa walifanya biashara kwa kutumia mkono, na wadogo wakabaki na aibu ya kuutumia hata kwa heshima tu. Mtu mwema sasa anaogopa kusalimia.

## Wameru waliopokewa kwa picha

Picha moja ya Desemba 1963 inamwonyesha Jomo Kenyatta akimpokea Musa Mwariama, Field Marshal wa Mau Mau kutoka Meru, aliyetoka msituni uhuru ulipopatikana. Nywele zake ndefu zimesukwa, watu wamejaa furaha. Wapiganaji walikuwa wanapokewa na serikali ambayo ndani yake walikuwamo pia watu waliowahi kuutumikia utawala wa mkoloni. Kenyatta alikuwa amekwisha kuwataka Wakenya wasameheane na kusahau yaliyopita. Agosti 1963 alikuwa amewaambia hivyo hata walowezi wa kizungu mjini Nakuru.

Field Marshal mwingine wa Meru, Baimungi Marete, naye alipokewa. Lakini yeye na wenzake waliuliza kuhusu ardhi, hawakuridhika, wakarudi msituni. Januari 1965 aliuawa na vikosi vya serikali ya nchi aliyoipigania.

Hapa mtu atasema mkono haukutosha. Ni kweli, na haukupaswa kutosha. Salamu humtambua mtu, haimlipi shamba. Dhuluma ilikuwa ni kuifanya salamu iwe malipo yenyewe, kana kwamba aliyekumbatiwa hana tena la kudai. Yeyote anayemwambia mpinzani "si tulishapeana mikono?" ili kumnyamazisha anairudia dhuluma ile kwa kiasi chake.

Meru ya siku zetu imetoa mfano wa kinyume. Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana mwaka 2022 bila chama. Bunge la Kaunti lilipiga kura ya kumwondoa Desemba 2022, Seneti ikamwokoa. Likajaribu tena mwaka uliofuata, Seneti ikamwokoa Novemba 2023. Mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti iliafiki aondolewe, na Machi 2025 mahakama ilipokataa kumrejesha, naibu wake Isaac Mutuma akaapishwa. Kati ya duru moja na nyingine palikuwa na miito ya upatanisho. Wameru wana Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo makao yake yako Nchiru, na wana gichiaro, undugu wa kiapo kati ya koo unaowafunga wahusika wasidhuriane wala kudanganyana. Kaunti yenye hazina kama hiyo ilikaa karibu miaka mitatu viongozi wake wakishindwa kuketi chumba kimoja. Sisemi nani alikosea. Kila upande una hoja zake na Seneti ilizisikia. Nasema tu kwamba mwananchi aliyengoja dawa hospitalini alilipia ukimya ule.

## Embu: mkono na kesi

Embu ina rekodi ambayo haikuitaka. Mwanzoni mwa 2014 Martin Wambora alikuwa gavana wa kwanza nchini kuondolewa kwa kura ya Bunge la Kaunti na Seneti, miongoni mwa tuhuma ikiwa kazi ya uwanja wa michezo wa Embu. Mahakama ikamrudisha. Akaondolewa tena, mahakama ikamnusuru tena. Mwaka 2017 aligombea upya na kumshinda Lenny Kivuti, aliyekuwa seneta, kwa tofauti isiyofika kura 1,000. Kivuti akaenda mahakamani. Februari 2018 Mahakama Kuu ikaufuta ushindi wa Wambora. Mahakama ya Rufaa ikaurudisha. Mahakama ya Juu ikaukata mzizi Januari 2019 kwa kumthibitisha Wambora. Mwaka 2022 Kivuti alishindwa tena kwa kura elfu chache, safari hii na Cecily Mbarire, akaenda tena mahakamani, akashindwa.

Wengi hudhani aliyekwenda mahakamani amekataa kutoa mkono. Mimi naona kinyume. Anayefungua kesi amekubali kwamba yeye na mpinzani wake wako chini ya sheria moja, watasimama mbele ya jaji mmoja, na atakayeshindwa ataondoka. Hiyo ni heshima kubwa kuliko tabasamu la picha. Wakili wa upande huu na wa upande ule husalimiana kwenye ukumbi wa mahakama kila asubuhi kabla ya kubomoana kwa hoja, na hakuna mteja anayewaita wasaliti. Mgombea anaweza kumpa mshindi mkono asubuhi na kuwasilisha malalamiko yake mchana. Nchi yetu ingepumua kama tungelizoea hilo.

Kuna pia mkono wa anayeshindwa bila kesi. Desemba 2002 Uhuru Kenyatta alikubali kwamba Kibaki amemshinda, na KANU iliyotawala tangu uhuru ikaondoka bila risasi, Kibaki mwenyewe akiapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu kutokana na ajali. Septemba 2022 Uhuru huyo huyo, ambaye kwa miezi alikuwa hasemi na naibu wake, alimkaribisha Ruto Ikulu na kumpa mkono siku moja kabla ya kumkabidhi madaraka. Hakumuunga mkono katika kura, na alikuwa ametumia nguvu zake kumpinga. Mkono ule haukumbadilisha upande. Ndiyo aina ninayoitetea.

## Usiku darasani

Mikono ninayoiheshimu kuliko yote haipigwi picha. Kupiga kura kukikoma saa kumi na moja jioni, darasa la shule ya msingi hufungwa na wanaobaki ndani ni msimamizi wa kituo, makarani, polisi na mawakala. Wakala ni mtu aliyetumwa na mgombea au chama kuangalia kwamba kura zinahesabiwa sawasawa. Masanduku yako sakafuni, kifuniko cheupe cha urais, cha kijani cha ubunge, cha buluu cha ugavana. Mawakala hunakili nambari za lakiri kwenye madaftari ya shule. Msimamizi hutoa karatasi moja moja, huitaja, huiinua ili wote waione. Wa upande huu na wa upande ule wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa ubao. Kituo kina wapiga kura wasiozidi 700, lakini kuna kura za nafasi sita, na saa saba za usiku taa huwa inafifia na mtu mmoja ana chapati zilizobaki.

Anazigawa. Nimewasikia mawakala wa vyama vinavyochukiana wakisimulia kwamba walikula kutoka mfuko mmoja usiku ule, kwamba mmoja alisinzia na wa upande wa pili akamwamsha ili asipitwe na karatasi iliyobishaniwa. Alfajiri hutia saini fomu: 34A ya urais, 35A ya ubunge, 37A ya ugavana, na kadhalika. Asiyetaka kutia saini anatakiwa kutoa sababu. Kisha husimama, hujinyoosha, hupeana mikono na kila mmoja hutafuta njia ya kwake. Saini zao ndizo mahakama huzitazama baadaye ikitaka kujua ukweli.

Nilizifikiria saini hizo tarehe 27 Novemba 2025, jirani zetu wa Mbeere Kaskazini walipopiga kura ya kujaza kiti alichokiacha Geoffrey Ruku alipoteuliwa waziri. Wakubwa wa Nairobi walikuwa wameshuka na misafara, kampeni ilikuwa na vurugu, na Leo wa Muthende wa UDA alimshinda Newton Karish wa DP kwa kura zisizofika 500. Mgombea wa kwanza na wa pili wakikaribiana hivyo, amani ya kijiji hutegemea watu waliokaa darasani kuliko waliokaa kwenye helikopta.

## Ukiona picha ya mikono, uliza

Kijana wa boda boda tuliyeanza naye anahitaji njia ya kupima. Hatuwezi kuingia mioyoni mwa viongozi, lakini mambo haya huonekana kwa macho:

- Je, baada ya salamu, aliyekuwa akiikosoa serikali ameendelea kuikosoa? Akinyamaza ghafla, tafuta alichopewa.
- Walichokubaliana kimeandikwa na kusomwa hadharani, kama Zanzibar ilivyokipeleka kwenye kura ya maoni mwaka 2010, au tunakisia?
- Nani hakuwapo kwenye picha, na ameathirika vipi?
- Je, wamewaambia wafuasi wao wasalimiane pia, au amani ni ya hotelini tu?

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mgombea anayempa mpinzani mkono ana wajibu wa kurudi kwa watu wake na kuwaeleza kwa nini, kwa lugha yao, sokoni, bila kungoja waione simuni. Asipofanya hivyo anawaacha wafuasi wake wakiwa wamebeba uhasama ambao yeye ameshautua.

Mkono usioweza kuukata, ubusu, walisema wahenga, na viongozi wetu wameufuata ushauri huo kupita kiasi: hubusu mkono wenye nguvu na kuupita ule usio na kitu. Kipimo kigumu kiko kwa aliyeshinda, si kwa aliyeshindwa. Mbunge akishaapishwa, je, anamwita aliyepata kura za pili kwenye kikao cha kugawa basari? Anamtaja kwa jina kwenye harambee ya shule, au anajifanya hakuwahi kuwapo? Basari, yaani fedha za hazina ya eneo bunge za kuwasomesha watoto maskini, hazina chama, na mtoto wa aliyempigia kura aliyeshindwa ana njaa ya elimu sawa na mwingine.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Kila mgombea atatakiwa kukubali kanuni za maadili zilizo katika Sheria ya Uchaguzi ya 2011, ambazo zinawataka wote wajiepushe na vurugu na matusi. Karatasi hiyo hutiwa saini kwenye ofisi ambayo mwananchi haioni. Wazee wa Nyangi Ndiiriri (baraza la wazee wa Embu), makanisa na kamati za ushirika za Manyatta wangeweza kuiita saini hiyo ije nje: wagombea wote wa wadi moja wasimame mbele ya watu wao kabla ya kampeni kuanza, wapeane mikono, na kabla hawajapewa kipaza sauti kila mmoja aulizwe jambo moja: usiku ule ukishindwa, utampigia nani simu kwanza, na utamwambia nini?